Yamekataliwa na nani? Meza ya msaidizi wa kisheria kwenye steshenari ya Mwanga, Kigoma

Nyota nne kati ya tano. Kwa nini nimeizuia ile ya tano nitaeleza mbele.

Haya nayaandika kwa kidole gumba cha kushoto, ndiyo maana yamenichukua siku tatu. Mkono wangu wa kulia umebaki na vidole vitatu. Cha shahada na cha kati viliondoka na mlango wa nyuma wa lori la saruji, Alhamisi ya tarehe 14 Machi 2024, kama saa nne asubuhi, kwenye ghala nililokuwa napakua mizigo hapa Kigoma mjini. Ghala lenyewe silitaji wala mwenyewe simtaji, sikuja hapa kumchafua mtu. Nimekuja kuieleza meza moja iliyonisaidia, ili mwenye barua kama yangu aijue kabla siku zake hazijamwishia.

Ukishuka daladala Mwanga, upande wa soko, ulizia steshenari yenye mlango wa bluu. Haina kibao. Ndani kuna mashine mbili za kopi, kijana wa kompyuta, madaftari ya shule yamepangwa hadi darini. Kwenye kona ya nyuma kuna meza ya mbao na benchi la watu watatu. Jumanne na Ijumaa hapo hukaa mama mmoja mtu mzima, wa miwani. Ni msaidizi wa kisheria. Si wakili, na hilo atakuambia kabla hujakaa: mahakamani hasimami kukutetea, lakini atakusomea, atakuelekeza, atakuandikia, na akiona jambo limemzidi atakutuma kwa wakili. Wasaidizi wa namna hii wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao haitozwi. Unachokilipia pale ni karatasi na kuchapa, na pesa anapokea kijana wa kompyuta, si mama.

Mimi nilifika pale nimechelewa sana.

Baada ya ajali nilikaa nyumbani Ujiji na bandeji, mke wangu akiuza dagaa wa kukaanga ili tule. Meneja alikuja mara moja na unga kilo kumi na sabuni, akasema madai yangu ya fidia yanashughulikiwa. Nikamwamini. Tarehe 27 Mei nikaitwa nikapewa barua. Ilikuwa na kichwa cha habari, "YAH: MADAI YA FIDIA", na chini yake mistari minne. Nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba naikumbuka kwa kichwa: "Tunasikitika kukujulisha kuwa madai yako ya fidia yamekataliwa kwa kuwa hayakukidhi vigezo vilivyowekwa." Nikauliza vigezo gani. Karani akanijibu kwa upole tu, "Ndugu yangu, Dar wamekataa."

Watu wa kwetu mtanielewa. Sisi ni mwisho wa reli. Jambo likishasemwa kwamba Dar wamekataa, unaona kama mvua imenyesha, hakuna wa kumwuliza. Niliirudisha ile barua kwenye bahasha, nikaiweka chini ya sanduku la nguo. Wiki iliyofuata nikaambiwa kazi yangu amepewa mwingine. Ikakaa Juni, Julai, hadi Desemba. Kaka wa mke wangu, aliyetukopesha pesa za hospitali kutoka Kasulu, ndiye aliyeiona Krismasi akasema, "Shemeji, hii barua mbona haina kichwa wala miguu? Ipeleke kwa mtu aisome."

Jumanne ya tarehe 14 Januari 2025 nikaketi kwenye lile benchi. Nikamwamkia shikamoo, nikampa barua. Mama aliisoma mara mbili, akachukua kalamu nyekundu akazungushia neno moja.

"Yamekataliwa," akasema. "Yamekataliwa na nani, baba?"

Nikasema na Dar.

"Dar ni mji. Aliyekataa ni nani? Amesaini wapi?"

Nikaangalia. Muhuri ulikuwa wa kampuni. Saini ilikuwa ya meneja wa ghala. Hapakuwa na jina la ofisi nyingine yoyote, hapakuwa na kumbukumbu namba ya madai, hapakuwa na kifungu. Kwa miezi saba nilikuwa nimelala juu ya karatasi ambayo mwandishi wake hakuwa na mamlaka ya kuiandika, na sikujua.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niandike. Mama alinieleza, na baadaye nilikuja kuona kwa macho yangu, kwamba Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mwajiri ndiye anayeuchangia. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuupelekea taarifa ya ajali, ndani ya siku saba tangu aijue. Lakini kuamua kama mtu alipwe au asilipwe si kazi yake, ni kazi ya Mfuko. Mwajiri hawezi kukataa fidia, kama vile mpiga debe hawezi kukunyima leseni ya udereva. Kwa hiyo mtu akikupa karatasi iliyoandikwa "yamekataliwa", swali la kwanza si kwa nini. Ni na nani. Kiswahili chetu kinaruhusu kitendo kisimame bila mtendaji, na kuna watu wamejifunza kujificha humo.

Kisha akaniuliza tarehe ya ajali. Nilipoitaja akahesabu kwa vidole, akavua miwani. Madai yanatakiwa yafike Mfuko ndani ya miezi kumi na miwili tangu ajali. Yangu ilikuwa imetimiza miezi kumi siku hiyohiyo. Zilibaki siku 59.

Nilitoka jasho. Yeye hakunifokea kwa kuchelewa, na nasisitiza hilo, kwa sababu nimeshakaa mbele ya watu wengi wenye kalamu mkononi waliofanya hivyo. Alisema tu, "Tunaanza leo."

Barua aliyoniandikia kwenda kwa mwajiri ilikuwa ya ukurasa mmoja. Mimi nilitaka aandike machungu yangu yote, watoto, dagaa, unga wa kilo kumi. Akakataa. Akasema machungu nimpe yeye, barua ibaki na maswali. Ikauliza ni ofisi gani iliyokataa na lini, ni kifungu gani cha sheria, ni kigezo gani hasa ambacho sikukitimiza, na ikaomba nakala ya taarifa ya ajali waliyoipeleka Mfuko pamoja na namba ya madai. Mwisho ikatoa siku saba za kujibu. Hakuna neno kali hata moja. Nilipoisomewa niliona ni dhaifu. Leo naona ilikuwa nondo, maana mtu mwenye majibu angeyajibu kwa dakika kumi, na asiye nayo hana pa kushika.

Akanifundisha na kuipeleka. Chapa nakala mbili. Moja unawaachia, nyingine wagonge muhuri wa kupokea, waweke tarehe na saini, unarudi nayo. Karani alitaka kuipokea mkononi tu, "tutaifanyia kazi". Nikasimama mlangoni na mkono wangu wa bandeji mpaka akagonga. Ilikuwa Ijumaa ya tarehe 17. Siku saba zikapita kimya. Nikarudi kwa mama nimeinama, nikasema hawajajibu. Akafurahi. Akasema ukimya wenye muhuri ni karatasi kama karatasi nyingine, akaiweka kwenye faili.

Baada ya hapo hatukuwasubiri tena, kwa sababu mfanyakazi mwenyewe anaweza kuufikishia Mfuko habari ya ajali yake. Kazi ikawa kujaza pale ambapo mwajiri angeweza kusema siyo. Na mama alijua watasema nini kabla hawajasema: "Huyu alikuwa kibarua, si mfanyakazi."

Ni kweli sikuwa na mkataba wa maandishi. Tangu Agosti 2022 nilikuwa naingia saa moja asubuhi, natoka saa kumi jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na kulipwa kwa simu kila Jumamosi jioni. Elfu kumi na mbili kwa siku, elfu sabini na mbili kwa wiki, ila inaingia sabini. Mbili walikuwa wanakata wakisema ni ya "bima ya ajali". Mama alipolisikia hilo aliweka kalamu chini. Mchango wa Mfuko unamhusu mwajiri peke yake, kwa sekta binafsi ni asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, na mfanyakazi hakatwi hata senti. Sijui zile elfu mbili zetu, watu kumi na wanne, kila wiki, zilikwenda wapi. Bado linaniuma.

Kuhusu ukibarua akaniambia kuna sheria ya taasisi za kazi ya mwaka 2004 inayosema mtu anahesabika ni mfanyakazi hadi ithibitishwe vinginevyo kama kuna dalili fulani: anapangiwa muda na namna ya kufanya kazi, anatumia vifaa vya huyo anayemwajiri, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya mwisho. Tukapiga hesabu pale mezani. Ukiondoa saa ya chakula, mimi nilikuwa nafanya saa nane kwa siku, saa 48 kwa wiki. Wiki yangu moja ilikuwa imeshapita kipimo chao cha mwezi.

Ushahidi ukapatikana kwenye simu yangu yenyewe. Sijawahi kufuta meseji za malipo, si kwa akili, ni uvivu tu wa kufuta. Kijana wa kompyuta alikaa na simu yangu saa nzima, akapiga picha meseji moja baada ya nyingine, akazichapa. Kila Jumamosi, namba ileile, elfu sabini. Karatasi kumi na tisa. Zilipopangwa kwenye meza kwa tarehe nilihisi kitu kifuani. Zile zilikuwa siku zangu, na nilikuwa nimeambiwa sina hata karatasi.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa hospitali. Siku ile ya ajali aliyenipeleka alinishusha mapokezi akaondoka, na kwenye kadi pakaandikwa ameumia mkono, basi. Wapi, saa ngapi, akifanya nini, hakuna. Mama alisema hapo ndipo madai mengi ya kweli yanapofia: mkono umeumia, kila mtu anauona, lakini hakuna karatasi inayosema uliumia kazini. Ilibidi nirudi mara tatu hadi daktari aliyenishona akapatikana, akafungua kumbukumbu zake za siku ile, akaandika taarifa iliyo kamili. Shahidi nikampata mpakuaji mwenzangu aliyekuwa ameshahamia Uvinza. Walio bado ghalani waliogopa, na siwalaumu, nao wana watoto.

Faili lilitumwa tarehe 11 Februari. Zilibaki siku 31.

Yaliyofuata ni ya kawaida, sitayarefusha. Mfuko ulimwandikia mwajiri, mwajiri akanipigia simu akiuliza kwa nini nimemshtaki, mama akanishauri nisijibu kwa simu jambo lolote. Nikaitwa kupimwa ulemavu mwezi Juni. Mwezi Agosti nikalipwa, kwa sehemu mbili: ile ya miezi niliyokaa bila kuweza kufanya kazi, ambayo huhesabiwa kwa asilimia 70 ya kipato, na ile ya ulemavu wa kudumu. Kiwango cha ulemavu kisipozidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo, kikizidi hapo inakuwa malipo ya kila mwezi. Mimi nilikuwa chini. Kiasi sitakitaja hapa. Deni la Kasulu limeisha, na mke wangu sasa ana jiko la pili.

Barua ya Mfuko nayo nilimpelekea mama, ingawa safari hii ilikuwa ya kheri. Akaisoma kama alivyosoma ile ya kwanza, na kalamu yake mkononi. Akanionyesha: aliyeamua huyu hapa, tarehe hii hapa, asilimia zimetokana na hiki. Akaniambia kama sijaridhika na kiwango nina haki ya kuupinga uamuzi, na njia hiyo yaweza kufika hadi Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ila nikitaka kwenda nisikae tena na barua chini ya sanduku. Nikafikiri siku mbili. Daktari alishanieleza jinsi vidole vinavyopimwa, nikaona nimetendewa sawa. Nikaridhika. Lakini niliridhika kwa kuelewa, na hicho ndicho nilichonyimwa mara ya kwanza.

Sasa nyota niliyoizuia.

Pale hapana faragha. Benchi liko hatua mbili kutoka mashine ya kopi, na unapoeleza habari zako wanafunzi waliokuja kutoa kopi za mitihani wanasikia kila kitu. Siku yangu ya pili alikuwepo dada mmoja mwenye shauri la ndoa, akalia mbele za watu, na mimi nikatoka nje kwa kuona haya kwa niaba yake. Pazia tu lingetosha, hata kanga. Nilimwambia mama, akasema fremu si yake. Nimemwambia na mwenye fremu, na naandika hapa tena ili alisome.

Kijana wa kompyuta ana moyo lakini ana haraka. Jina langu la ukoo alilikosea kwenye barua ya kwanza, na tuligundua mlangoni pa ghala. Soma kila karatasi kabla hujalipa, hasa majina na tarehe, kwa sababu herufi moja tofauti na kitambulisho cha taifa cha NIDA inaweza kukurudisha nyuma wiki nzima. Na umeme ukikatika kazi inasimama, hawana jenereta.

Jingine si kosa lao, ni langu, lakini nilitamani pangekuwa na tangazo ukutani. Kuachishwa kazi bila utaratibu ni jambo jingine kabisa na fidia ya ajali. Hilo linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na muda wake ni siku 30 tu tangu uachishwe. Mimi nilipofika kwenye benchi nilikuwa nimeshapitisha miezi saba. Mama alinieleza kuwa unaweza kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu za kuchelewa, ila sikuwa na nguvu ya kupigana pande mbili nikaliacha. Mwenye barua ya kuachishwa asifuate mfano wangu.

Gharama zangu zote pale: kuchapa barua elfu moja kwa ukurasa, kopi mia moja, zile karatasi za meseji mia tano moja kwa sababu zina picha. Kwa safari zote sikufikisha elfu thelathini. Mama hakupokea kitu. Nilimpelekea samaki, migebuka miwili mikavu, baada ya kulipwa. Akakataa kwanza, halafu akapokea mmoja, mwingine akampa kijana wa kompyuta.

Juzi jirani yangu wa Gungu, aliyekatwa na msumeno wa mashine karakana ya mbao mwaka jana mwezi wa nane, amenionyesha barua yake. Ya kwake haisemi yamekataliwa. Inasema "hayajakamilika", bila kusema kimepungua nini, na chini kuna muhuri wa karakana. Ijumaa tunakwenda naye. Nimemwambia aje na kadi ya hospitali, na simu yenye meseji zote asifute hata moja, na tuwe pale saa mbili kamili kabla benchi halijajaa.